Kitufe Chenye Sura Yangu

Dagaa wa kuuza hawafungashwi na mtu mwenye haraka. Kwanza unawapeta kwenye ungo mchanga udondoke, maana mchanga ukilia kwenye meno ya mteja hata mara moja tu, umempoteza. Halafu unawachambua. Waliokatika vichwa unawaweka pembeni, hao ni wa kuku. Wanaong'aa kama bati jipya ndio wa kwenye pakiti. Wale walionyeshewa wakiwa kwenye chanja, wakawa weusi weusi, mimi siuzi hata kwa mtu niliyegombana naye. Ukimaliza unajaza mfuko wa karatasi, unaweka kwenye mizani, na juu ya kipimo unaongeza kiganja kimoja. Hicho kiganja ndiyo nyongeza. Bila nyongeza hujauza, umepima tu.

Maneno yote haya yalianzia kwenye hicho kiganja.

Mjukuu wangu Prudence ana duka la mtandaoni. Mwanzoni nilikuwaga najiuliza duka gani halina mlango, lakini nikazoea. Watu wanafungua simu huko waliko, Bunda, Butiama, Mwanza, mpaka Dodoma, wanaona picha za dagaa, sato wa kukausha, kayabo, yaani samaki wakubwa wa chumvi, na udaga wa muhogo. Wanachagua, wanaweka kwenye kikapu ambacho hakipo, wanalipa, na jina linaingia kwenye simu ya Prudence. Stoo ya mzigo ameipanga mtaa wa Iringo, hapa Musoma, ila kufungasha tunafanyia kwangu Kamunyonge, barazani, kwa sababu pana kivuli na upepo wa ziwa unafukuza nzi. Wafungashaji tuko watatu: mimi, Marcelina na Hilda, wote majirani, wote wajane.

Prudence aliacha kazi ya ofisini kwa ajili ya duka hilo. Wajomba zake walimcheka wakashika matumbo: msomi anauza dagaa! Kwa hiyo nilijua kwamba duka likianguka, mjukuu wangu atainuka na mavumbi, lakini kile kicheko hakitamtoka.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yangu, anakodolea macho mkono wangu.

"Bibi, hiyo nyongeza yako itatumaliza."

"Nyongeza haijawahi kumaliza mtu."

"Mteja amelipia nusu kilo."

"Amelipia nusu kilo na amepewa heshima. Heshima haipimwagi."

Alikuwepo na rafiki yake Debora, ambaye ndiye alilitengeneza hilo duka kwenye kompyuta. Debora ni binti wa Kiriba, mwembamba, miwani mikubwa, na simu haimtoki mkononi hata akila ugali. Anamega kwa mkono mmoja, anasoma kwa mwingine. Akasema bila kuinua kichwa, "Basi tuweke tipu."

"Tipu ndiyo nini?"

"Bakshishi, Bibi. Mteja akifika kwenye kulipa, kabla hajamaliza, anaulizwa kama anapenda kumpa asante aliyemfungashia. Anabonyeza elfu moja, elfu mbili, elfu tano, au anaandika anachotaka mwenyewe. Asipotaka, anapita zake. Hela hiyo si ya duka, ni ya wafungashaji."

Niliacha kupeta. "Yaani muuzaji ndiye anamwomba mnunuzi nyongeza?"

"Hamwombi. Anampa nafasi."

"Mjukuu wangu, hata wale wanaokaa stendi na kopo wanatupaga nafasi."

Prudence alicheka mpaka kigoda kikayumba. Lakini mimi nilikuwa nimemtazama Marcelina, aliyekuwa upande wa pili anasugua kayabo. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa chumvi, na alikuwa anavipuliza akidhani hatumwoni. Nikasema haya, wekeni hiyo tipu yenu. Ila nyongeza yangu haiondoki.

Debora akaja na sharti. "Watu hawakipi kitufe hela, Bibi. Wanampa mtu. Tunataka sura."

Sura zenyewe zilikuwa tatu. Hilda alikataa kwa sababu ya meno, Marcelina alikataa kwa sababu ya Hilda. Nikabaki mimi. Nikavaa kitenge cha sikukuu, nikafunga kilemba, nikakaa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Debora akasema cheka kidogo. Nikamwambia mtu wa umri wangu hachekei mashine. Akapiga hivyo hivyo. Baadaye akaitoa rangi zote, ikabaki nyeusi na nyeupe, akasema picha za namna hiyo zina utulivu na ndiyo mtindo wa sasa. Akaizungushia duara. Chini yake akaandika jina kwa herufi za kupendeza, Bibi Nyamburi, na chini ya jina akazipanga zile hela.

Nikaishika simu mbali kidogo, niione vizuri. Nilipendeza, siwezi kusema uongo. Ila kuna kitu kilikataa kunikaa sawa, na sikujua ni kitu gani.

"Mbona nimepoa hivi?"

"Bibi, ndiyo mtindo."

Siku za mwanzo watu walikuwa wanapita zao tu. Mara moja moja mtu wa Mwanza anabonyeza elfu moja, Prudence anatugawia, Hilda ananunua sabuni. Halafu ikaja Ijumaa. Ijumaa hiyo simu ya Prudence haikupumzika hata kidogo. Akija barazani kuniambia neno, inaita. Akipokea hiyo, nyingine inagonga mlango.

"Bibi, unapendwa! Mtu wa Butiama amenunua pakiti ndogo kuliko zote, halafu asante aliyotoa inazidi dagaa wenyewe!"

"Amekosea."

"Hajakosea, wako wengi. Huyu wa Bunda amenunua, ametoa asante, amerudi amenunua tena, ametoa asante kwa niaba ya familia."

"Familia yake na mimi tunajuana wapi?"

"Na huyu ameandika poleni sana."

"Poleni na kazi," Debora akasema, anasafisha miwani kwa ncha ya blauzi. "Mimi niliwaambia. Sura inafanya kazi."

Niliendelea kuchambua, lakini moyo haukutulia. Nikawaambia, "Nimeishi miaka mingi hapa Mara. Binadamu hashukuriwagi hivi angali anapumua." Wakacheka wote wawili, wakaenda kuhesabu mifuko.

Jumamosi tulikuwa na mzigo mkubwa. Kuna mama mmoja wa Bunda anaitwa Diana, ana mgahawa na ndugu zake wana maduka. Alikuwa ameagiza dagaa na kayabo wa kujaza gari dogo. Gari lingefika saa tisa alasiri. Alisema mzigo ukimpendeza atakuwa anachukua kwetu kila mwezi. Prudence na Debora wakaondoka mapema kwenda Iringo kuleta kayabo. Nikabaki nawasubiri Marcelina na Hilda. Hawakutokea. Simu yangu mwenyewe ilikuwa imeangukia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, tukaifukia kwenye mchele ikauke, kwa hiyo sikuwa na njia ya kuwauliza. Nikapeta peke yangu.

Jua likiwa limeshapanda nikasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa msiba, unashuka kutoka upande wa kanisani, na akina mama wengi. Nikainuka nikachungulia juu ya ua. Waliobeba kuni kichwani walikuwepo, waliobeba sufuria kubwa za shughuli walikuwepo, wengine mikeka, wengine ndoo. Mbele kabisa alikuwa Mama Euphrasia, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, ametanua mabega kama kawaida yake.

Msiba ukipita mbele ya nyumba yako hukai ukipeta dagaa. Nilijifunga khanga ya pili, nikachota unga wa udaga ukajaa beseni, nikajitwika, nikatokea mlango wa nyuma na kuungana nao mkiani. Kando yangu alikuwepo mama mmoja wa jumuiya ya chini, simfahamu vizuri, amejifunika khanga mpaka machoni.

Nikamuuliza taratibu, "Ni nani ametutoka, mama?"

"Bibi mmoja wa kufungasha dagaa. Wanasema alikuwa mtu mwema, ila mkali kwenye mambo ya mchanga."

"Maskini. Wa wapi?"

"Wa hapa hapa Kamunyonge."

Marcelina! Ndiyo maana hakuja kazini. Machozi yakaanza yenyewe. Nilimwona anavyopuliza vidole vyake, nikasema Mungu wangu, hata sabuni kama ya Hilda hakuwahi kununua. Nililia hatua kadhaa hivi, mpaka njia ilipokata kona, msafara ukajipinda, nikaona waliotangulia. Marcelina alikuwa pale, sufuria kichwani, anaimba sauti ya pili.

Nikafuta macho. Basi ni Hilda. Nikaanza kumlilia Hilda. Mbele kidogo Hilda akashusha mzigo wa kuni ili aukaze kamba.

Wafungashaji tulikuwa watatu, na wawili nimewaona wanatembea. Hapo hapo Mama Euphrasia akageuka kulia, akasukuma mlango wa ua wangu.

"Jamani," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "kumbe ni mimi?"

Yule mama wa kando yangu akainua khanga, akaniangalia chini ya beseni, akapiga ukelele ambao naamini ulifika kwenye mitumbwi. Wimbo ukakatika. Walio mbele waligeuka, waliogeuka wakapiga kelele, sufuria moja kubwa ikamponyoka mtu na kuteremka mtaa mzima ikigonga mawe. Marcelina alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Mama Euphrasia ndiye peke yake hakukimbia. Alikuja polepole, akanifinya mkono, akafinya tena.

"Nyamburi?"

"Ndiyo, mwenzangu."

"Hujafa?"

"Bado. Nilikuwa napeta."

Akanivuta kifuani kwake, akanibana mpaka unga ukatumwagikia wote wawili. Alilia kweli, na mimi sitamsahau kwa hilo. Akishamaliza kulia akachomoa simu. Simu yake ina ufa, na nusu ya juu ya kioo imeingia doa jeusi, huoni kitu. Akanionyesha. Maneno ya Debora kuhusu asante na kufungasha yalikuwa yamemezwa na lile doa. Kilichobaki ni mimi, ndani ya duara, bila rangi, sicheki, jina langu, na hela chini yake.

"Nilikuwa nanunua dagaa zangu za wiki," akasema. "Nikakutana na hii. Wewe mwenyewe ungefikiria nini?"

Nikaitazama ile picha kwa macho yake, na sasa nikajua ni kitu gani kilikataa kunikaa sawa. Huku kwetu sura ya mzee na hela chini yake zinakutana mahali pawili tu, hospitalini na msibani. Sote tumezoea. Mtu akiiona hata haulizi, anatoa mchango wake, anaituma kwa wengine, anatafuta khanga. Euphrasia alikuwa ameituma kwenye wasap ya jumuiya, juu yake ameandika Nyamburi ametutoka, na jumuiya ikaituma kwa watoto wao Bunda na Butiama. Marcelina na Hilda waliletewa habari kwa mdomo tu, picha yenyewe hawakuiona.

"Sasa mbona hukuja kuniuliza?"

"Marehemu anaulizwaga?"

"Ungempigia Prudence."

"Simu yake inatumika tangu jana! Nyumba yenye msiba si ndivyo inavyokuwaga?"

Kabla sijafungua mdomo, kilio kingine kilikuwa kinakuja na gari. Ilikuwa Noa ya kukodi kutoka Butiama, na ndani yake ni mdogo wangu Burito, na nyuma ya kiti chake ni mbuzi. Mlango ukafunguka gari likiwa bado linatembea. Burito akashuka kichwa wazi, kiatu kimoja.

"Dada yangu weee! Umeniacha na nani, dada!"

"Burito, vaa kiatu."

"Niacheni nimlilie dada yangu, msiniambie mambo ya via—" Akanitazama. "Dada?"

"Ee."

"Upo?"

"Nipo."

Alitazama mbuzi, akamtazama dereva, akanirudia mimi. "Nimelia tangu Butiama. Tangu Butiama, dada! Dereva wa watu na yeye amelia, na wala hakujui."

Dereva alikuwa kweli anajifuta kwa mkono wa shati. Akasema, "Pole, Bibi," kisha akaona haliendani, akasema, "Hongera."

Watu wakaanza kucheka, kicheko kile cha kutoka kwenye hofu, na mimi nikafikiri yameisha. Hayakuwa yameisha. Bajaji ikasimama, wakashuka Prudence na Debora na mafurushi ya kayabo, wakakuta ua umejaa akina mama waliovaa khanga za msiba. Na Mama Euphrasia, ambaye alishalia na kucheka, sasa alikuwa amefika kwenye hasira.

"Prudence, mjukuu wangu. Hela zetu ziko wapi?"

"Hela gani, Mama Mwenyekiti?"

"Za msiba wa bibi yako anayepumua."

Prudence aliwatazama mmoja mmoja mpaka akaelewa, akatua furushi la kayabo chini. "Mama, ule si mchango. Ile ni tipu."

"Ni asante tu ya—" Debora akaanza.

"Wewe wa miwani, subiri kwanza." Euphrasia hakuinua sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Kesho misa ikiisha, Padre akisema matangazo, nitasimama. Nitasema kuna duka linakusanya michango kwa sura za wazima. Sisemi kwa ubaya. Mimi ndiye nimewahimiza watu watoe, watu watanidai mimi maelezo."

Pale nilimwogopea mjukuu wangu. Tangazo la baada ya misa likitoka Musoma, kabla ya chakula cha mchana limefika Butiama kwa wajomba. Nani atanunua dagaa kwa mtu anayekula rambirambi za bibi yake?

Prudence alishatoa simu. "Narudisha zote. Sasa hivi, kila mtu kwenye namba yake."

Akina mama walirudi nyuma kama ametoa nyoka mfukoni.

"Usirudishe!" Marcelina akapiga kelele kutoka pale chini alipokaa.

"Kwa nini?"

Ikabidi nimweleze mimi, maana watoto wa siku hizi haya hawaambiwi. Huku kwetu rambirambi ikishatoka mkononi hairudi. Ukimrudishia mtu, ni kama umemwambia kaa nayo, utaihitaji msiba ukija kwako.

"Mimi usinirudishie hata senti," Euphrasia akasema, akatema mate pembeni. "Nina mume anaumwa mgongo."

"Kwa hiyo tukikaa nazo ni wezi," Prudence akasema polepole, "na tukirudisha tumewalaani."

Debora alivua miwani. Sijawahi kumwona amevua miwani. "Kompyuta haina njia ya tatu, Bibi."

Mimi si mtu wa kukimbia jambo. Nikasema watu wakae, maji ya chai yawekwe jikoni, kuni si zimekuja zenyewe? Wakakaa kwenye mikeka yangu ya msiba. Nikiwa nasubiri maji yachemke nikauangalia ule mlima wa dagaa barazani, nikaangalia jua. Gari la Diana lilikuwa njiani kutoka Bunda na sijafika hata robo ya mzigo.

"Mama Euphrasia," nikasema, "zamu ulishazipanga?"

"Zamu gani?"

"Za kazi za msiba wangu."

"Nilizipanga. Wa maji, wa kuni, wa kupika, wa vyombo. Unanionaje?"

"Na mtu akifika msibani, akakaa, akala, akarudi kwake hajashika kazi yoyote?"

"Hiyo ni aibu. Huyo hata akifiwa hatuendi."

"Basi marehemu hayupo, lakini kazi ipo. Mtarudije majumbani hamjashika kitu?"

Akanitazama. Akaitazama mizani. Alijua kwamba nimempeleka mahali, ila hakuona ni wapi, na yeye hakataagi kazi mbele ya watu. Akainuka, akakunja mikono ya gauni. "Waliokuwa wa maji, leteni maji ya kunawa. Wa vyombo, njooni kwenye ungo. Nyamburi, tuonyeshe."

Kama hujawahi kuona msafara wa msiba unafungasha dagaa, umekosa. Kulikuwa na mstari wa kupeta, mstari wa kuchambua, mstari wa kujaza. Hilda aliwasimamia wa kayabo. Debora alibandika lebo, na mbuzi akazila zile alizoziweka chini, ikabidi abandike tena. Yule mama wa ukelele alichambua vizuri kuliko wote. Ana macho ya kipanga. Burito tulimpa kamba afunge mifuko mikubwa, na akaifunga fundo la kufungia ndama, ambalo hata mwenye ndama halifungui bila kisu.

"Kaka, fundo la mteja ni la kufunguka," Hilda akamwambia.

"Sasa wakifungua njiani?"

"Nani afungue, dagaa wenyewe?"

Euphrasia nilimweka kwenye nyongeza. Ana kiganja kama sinia. Pakiti ya kwanza aliyoigusa ilifurika.

"Mwenzangu, punguza."

"Kwa hiyo wewe ndiyo mchoyo kiasi hiki, halafu tulikulilia?"

"Kiganja changu ni kimoja. Chako ni viwili vimeshonwa pamoja."

"Basi nusu kiganja. Ila nusu yangu itakuwa kubwa kuliko nzima yako, ujue."

Walimcheka, akacheka na yeye, lakini nilimwona ameanza kujivunia pakiti zake, anaziweka kwenye mstari wake peke yake, anapiga vibao vidogo juu zikae wima. Saa tisa gari la Bunda likafika. Dereva wake akatoa dagaa wachache kwenye pakiti moja, akatafuna, akasikiliza meno yake, akatikisa kichwa kwamba sawa. Wakapakia mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa.

Gari lilipoondoka, watu wakiwa bado wanajipukuta, nikamwita Prudence katikati ya ua.

"Soma hayo maneno ya kwenye duka. Yale ambayo doa limeyameza."

Akasoma kwa sauti: "Mpe asante aliyekufungashia mzigo wako."

"Aliyefungasha leo ni nani?"

Prudence akawazungushia macho. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye bajaji. "Ni wote hawa, Bibi."

"Na hiyo hela ni ya nani?"

"Ya wafungashaji."

Kila mtu akamwangalia Euphrasia, kwa sababu kesho ndiye mwenye mdomo wa kanisani. Yeye alikuwa anajitoa magamba kwenye kucha, moja baada ya jingine, hana haraka.

"Hiyo ni kunirudishia," akasema.

"Hapana, Mama."

"Itakuwa ni ile ile niliyotoa."

"Itakuwa imepitia kwenye ungo," nikasema.

Akafikiri tena. Alikuwa hafikirii hela, nilijua. Alikuwa anafikiria mume wake na mgongo wake, na kama jambo hili litamfuata nyumbani. Mwisho akauliza, "Nimefanya kazi?"

"Umefanya."

"Mgongo wangu unauma?"

"Mimi nitajuaje?"

"Unauma. Basi ni ujira. Ujira na rambirambi ni vitu viwili, hata Padre anajua." Akanyoosha kile kiganja chake. "Lete. Na usinipe pungufu ya Marcelina, yeye alikaa chini muda mrefu."

Waliotoa wakiwa mbali, wa Bunda na Butiama, hao tuliwapigia. Nilizungumza nao mmoja mmoja kwa simu ya Prudence wasikie sauti, wengine walikata, wengine waliniuliza jina la mama yangu ndipo wakaamini. Tukakubaliana tutawatumia dagaa kidogo kidogo, juu ya mizigo yao, mpaka hela zao ziishe. Hela ndiyo hairudi, chakula kinaruhusiwa. Aliyebaki na shida ni Burito.

"Mimi nimefunga kamba tu," akasema. "Ujira wangu haujafikia mbuzi."

"Umrudishe?"

"Dada, mbuzi wa msiba arudi Butiama anatembea? Watasema nimeiba."

Kwa hiyo tukamla, kwenye zile zile sufuria, pamoja na ile iliyoteremka mtaa, ingawa imebonyea na inasimama kwa kuegemezwa. Euphrasia alitoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba mtu asithubutu kuimba, maana majirani wa juu walikuwa hawajaambiwa bado.

Jumapili kanisani nilikaa na Prudence benchi la katikati. Mjukuu wangu alikuwa ameshika mkono wangu kama alivyokuwaga anaushika akiwa mdogo akiogopa sindano. Watu waligeuka kuniangalia, mpaka wa kwaya. Padre alipomaliza matangazo ya ndoa, Euphrasia akasimama, akapanda mbele, akashusha pumzi kwenye kipaza sauti.

"Nyamburi hajafa," akasema. "Nimemfinya mwenyewe." Kanisa likaangua kicheko. Akasubiri kiishe. "Zile hela zilikuwa asante ya wanaofungasha dagaa, na jana tumefungasha, tumezipata kwa jasho. Hakuna aliyekula msiba. Anayetaka dagaa wasio na mchanga, anajua pa kununua. Na Jumamosi ijayo, kama kuna mzigo, mimi nipo."

Prudence akaachia mkono wangu, akajifunika uso kwa leso. Sikujua kama analia au anacheka, nikamwacha amalize.

Ile picha iliondolewa siku hiyo hiyo. Euphrasia alijitolea sura yake iwekwe badala ya yangu, tena yenye rangi, tena anacheka, lakini mume wake akakataa kabisa. Debora alikaa barazani anawaza, akaandika, akafuta, akaandika. Sasa ukinunua dagaa kwetu, ukifika kwenye kulipa, hukuti sura ya mtu. Unakuta zile hela, na juu yake maneno: Mpe asante aliyekufungashia. Na chini, kwa herufi ndogo: Wafungashaji wetu wote ni wazima.

Diana wa Bunda ameshachukua mzigo wa pili. Alipiga simu kuuliza jambo moja tu, ni nani anayefunga yale mafundo.